Kinubi, Mpingo na Mshipi wa Kuvulia

Mtu akikiona kinubi changu kwa mara ya kwanza hapa Mikindani huuliza mambo mawili: bei yake, na kama ndicho alichopiga Mfalme Daudi. Ni maswali mazuri na yote huyajibu. Lakini swali ninalolisubiri, na ambalo huulizwa na wachache, ni hili: kazi yenyewe ikoje? Maana kinachoonekana jukwaani, gauni refu na mikono inayopita juu ya nyuzi, ni sehemu ndogo ya kazi. Kubwa zaidi hufanyika kabla watu hawajafika na baada ya wao kuondoka. Kubeba. Kukaza nyuzi. Kuhesabu. Kubadili uzi uliokatika. Nimeishi kwa kazi hiyo tangu ujana wangu, kwanza Ujerumani na sasa huku kwetu kusini, na nikimwona kijana ana hamu ya kinubi sianzi kutazama vidole vyake. Natazama kama anaweza kukaa na ufunguo wa kukazia nyuzi mkononi akisikiliza uzi mmoja mmoja, na hakuna anayempigia makofi.

Nilikulia jirani na misheni moja ya ndani, njia ya Masasi, na muziki wangu wa kwanza ulikuwa wa kwaya. Aliyepita kwaya za Tanzania anaijua shule hiyo: mwalimu anaandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, anaweka nukta na vistari vya kugawia mapigo, sauti ya kwanza hadi ya nne, kisha mnaimba solfa mpaka maneno yanapokuja mdomo umeshaizoea njia. Baadaye huko Ulaya nilikutana na wanafunzi waliosoma noti za mistari mitano tangu utotoni, na baadhi yao hawakuweza kuimba walichokuwa wanakisoma mpaka kwanza wakiguse kwenye chombo. Mimi niliweza. Solfa hukufundisha uhusiano wa sauti na sauti, na kukaza nyuzi si kitu kingine ila kuusikia uhusiano huo na kuurekebisha. Mpaka leo nikishika ufunguo naimba solfa kimoyomoyo. Kijana akiniambia solfa ni elimu ya kijijini, humketisha chini tukazungumza vizuri.

Kinubi nilikikuta kwa Sista mmoja Mjerumani aliyehudumu zahanati. Kilikuwa kidogo, hakina pedali za miguu, na alikipiga barazani jioni baada ya sala. Nilipomwomba anifundishe alikubali, ila kwa muda mrefu hakunipa wimbo hata mmoja. Nilifika, nikapewa kitambaa nifute vumbi, kisha ufunguo. Nikaze uzi wa do, nimwite asikilize, anikatalie, nikaze tena. Nyuzi za do ni nyekundu na za fa ni nyeusi au za bluu, ili jicho lisipotee katikati ya nyuzi zinazofanana, kwa hiyo nilianza kwa kuzijua rangi hizo na kupanda kutoka hapo. Nikinung'unika alinijibu kwa upole wake: "Kikikaa sawa, mwanangu, chenyewe kitakuita." Ndivyo ilivyokuwa. Siku nyuzi zote zilipokubaliana sanduku zima lilitikisika chini ya mkono wangu, hata kwa uzi mmoja tu ulioguswa. Toka hapo sijawahi kuona kukaza nyuzi kuwa ni kazi ya kutangulia kazi.

Mikono nayo ina sheria zake. Kinubi huegemea bega la kulia, na hupigwa kwa vidole vinne vya kila mkono. Kidole cha mwisho ni kifupi mno, hakitumiki. Gumba hukaa juu, vingine chini, na kila kidole kikishauvuta uzi lazima kifunge hadi kiganjani. Anayeacha vidole vimesimama hewani hupata sauti nyembamba, na baada ya muda hupata maumivu ya kifundo. Mwanzo huja malengelenge, halafu sugu, na sugu ndiyo mshahara wa kwanza. Kwa msichana wa kijijini palikuwa na jambo ambalo Sista hakulifikiria: ngozi ikilowa sana hulainika, na ukipiga hapohapo inachubuka. Mimi nilikuwa na nguo za nyumba nzima za kufua na vyombo vya kuosha. Nikajipangia kupiga kwanza, kisha ndoo. Mama alinielewa bila maelezo marefu, maana yeye mwenyewe alikuwa sauti ya tatu kwenye kwaya na alijua mazoezi hayasubiri.

Aliyenipa somo gumu kuliko yote hakuwa Sista. Ni bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiongoza nyimbo za unyago na ambaye watu walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Alikuja misheni siku moja kunisikiliza. Nilipiga wimbo wa kanisani, akanyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, mbona huyu wa kwanza hajamaliza kusema na wa pili ameshadakia?" Alikuwa anasikia nyuzi za chini, ambazo huendelea kulia muda mrefu baada ya kuguswa na kuchanganyika na sauti inayofuata. Sikuwa na jibu. Jibu nililipata chuoni, nilipofundishwa kuzilaza nyuzi kwa kiganja ili zinyamaze kwa wakati wake, na mkufunzi wangu alishangaa kwamba tayari nilikuwa na kiu ya jambo ambalo wengi hulisikia baada ya kulazimishwa.

Safari ya Ujerumani ilitokana na wale masista, waliomwandikia mtu, naye akamwandikia mwingine. Nisiirefushe. Nitakaa zaidi kwenye kile kinubi kikubwa, kwa sababu wengi huku hawajakiona kwa macho.

Kinubi cha okestra kina nyuzi 47 na pedali 7. Kina urefu wa kumpita mtu mzima wa kawaida na uzito unaokaribia kilo 40. Nyuzi za juu ni za nailoni, za katikati ni za utumbo wa mnyama uliosokotwa, na za chini kabisa ni za chuma. Zote kwa pamoja huvuta ubao wa sauti kwa nguvu inayokaribia tani moja, mchana na usiku, hata chombo kikiwa kimefunikwa kona. Ndiyo sababu kinubi huzeeka hata kisipopigwa: ubao hufura, shingo hujipinda kuelekea upande zilikofungwa nyuzi. Tofauti na violini, ambayo watu husifia ya miaka mia tatu, kinubi kinachotumika kwa nguvu huomba kufanyiwa matengenezo makubwa ndani ya maisha ya mpigaji mmoja.

Halafu miguu. Nilipokaa mara ya kwanza nilidhani pedali ni kama za kinanda cha kanisani, za kutolea sauti. Sivyo. Kila pedali inamiliki noti moja ya ngazi: mguu wa kushoto una re, do na ti, wa kulia una mi, fa, so na la. Ikiwa juu, nyuzi zote za noti hiyo ni flati, yaani zimeshuka nusu toni, hatua moja ndogo ya sauti. Katikati ni za kawaida. Chini kabisa ni shapu, zimepanda nusu toni. Vyuma saba hupita ndani ya nguzo yenye uwazi ndani hadi shingoni, na kule juu visahani vyenye meno mawili huzunguka na kuubana uzi ufupike. Mpangilio huu ulikamilishwa na Sébastien Érard, fundi wa Ufaransa, aliyeupatia hataza London mwaka 1810. Kabla yake pedali ilipandisha nusu toni moja tu, na chombo cha namna hiyo ndicho alichokiandikia Mozart huko Paris mwaka 1778, kazi ya filimbi na kinubi kwa ajili ya kabaila mmoja na binti yake.

Maana yake kwa mpigaji ni kwamba nusu ya muziki iko miguuni na hadhira haiioni. Pedali moja ikikosea, fa zote zimekosea, kuanzia chini hadi juu. Kwa hiyo kabla sijagusa uzi kwenye kipande kipya nilikaa mezani na penseli nikiandika kila badiliko la mguu, kipimo kwa kipimo, nikitafuta mahali ambapo mguu unaweza kusogea bila chuma kupiga kelele. Siku nyingine ilikwisha hivyo, mezani, chombo kiko palepale kimekaa kimya. Nilikutana na vijana wenye vidole vyepesi kuliko vyangu walioshindwa na hatua hii. Walitaka kupiga. Kuandika waliona ni karaha.

Nilipata nguvu kutoka kwa wanawake walionitangulia. Henriette Renié, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1875, alianza akiwa mdogo kiasi kwamba miguu haikufika chini, baba yake akamtengenezea viungo vya kurefusha pedali. Akiwa na miaka 11 alitwaa tuzo ya kwanza ya chuo cha muziki cha Paris. Na Anna Lelkes aliipigia okestra ya Vienna Philharmonic kwa zaidi ya miaka 20 bila kuhesabiwa kuwa mwanachama, kwa kuwa ni mwanamke, mpaka mwaka 1997 alipokuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa. Nilikuwa huko Ulaya habari hiyo ilipotoka. Wenzangu walishangilia, nami nilishangilia, lakini nilimfikiria sana yule mama akiingia kazini miaka yote ile, akikaza nyuzi zake zote mapema, kwa usahihi uleule, jina lake halimo. Hasira ni haki. Hata hivyo nyuzi zilikuwa zimekaa sawa kila jioni, na hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Ajira ya kudumu ya kinubi ni adimu. Okestra moja inaweza kuajiri wapiga violini wengi, lakini kinubi huwa na nafasi moja, pengine mbili, na anayeipata huikalia mpaka astaafu. Usaili mwingi hufanywa nyuma ya pazia ili waamuzi wasijue anayepiga ni nani, na mtu aliyetoka Masasi hulipenda pazia lile. Wengi wetu tuliishi kwa vibarua: simu inaita, mtu anaumwa, unaweza kufika Alhamisi? Unafika. Unafika kabla ya wote, kwa kuwa wengine wakishaanza kupasha vyombo vyao moto husikii tena uzi wako.

Kisha unakaa na kusubiri. Beethoven hakuweka kinubi katika simfonia zake hata moja. Wengine waliweka kwa kurasa chache: vipimo mia vya kimya, halafu vipimo vinane vya kupiga, halafu kimya tena. Anayehesabu kwa namba tu atapotea, maana kondakta akichelewesha kidogo moyo unashtuka na hesabu inaruka. Nilijifunza kuzijua sauti za wengine. Wapiga tarumbeta wakimaliza ile sehemu, pembe zikaingia mara mbili, ndipo mimi. Lakini ipo jioni ambayo kila mpiga kinubi huingoja. Ni simfonia ya tano ya Mahler, sehemu ya nne, ambapo vyombo vyote vya kupuliza na ngoma vinanyamaza, wanabaki wa nyuzi na kinubi peke yake. Hapo hakuna pa kujificha. Uzi mmoja ukiwa chini kidogo ukumbi wote unausikia. Kazi yote ya ufunguo ya miaka yote ilikuwa kwa ajili ya dakika hizo.

Katika okestra moja niliyoipigia mara nyingi niliketi karibu na wapiga klarineti. Siku moja mmoja wao aliniachia kipande cha chombo chake nikishike alipokuwa anatafuta kitambaa, na nilipokipokea kiganja changu kiliujua uzito ule. Mpingo. Mti wa vinyago vya Wamakonde, mti wa kwetu. Nikamwambia huu unaota Mtwara, Lindi, hadi ng'ambo ya Ruvuma, hakuamini. Klarineti na oboe bora nyingi hutengenezwa kwa mpingo, na mpingo huo hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Unakua polepole, miaka 70 na zaidi ndipo ufae kuvunwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, mkoani Lindi, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha kuvuna kutoka misitu yao wenyewe inayotunzwa na wanakijiji, na habari hizo nilipozisikia nilijivuna kwa wenzangu kama vile mti ni wa babu yangu. Toka siku ya kile kipande nikawa nasema wazi: Mtwara imekaa katikati ya okestra za dunia, ila haijatambulishwa.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Okestra pekee haikunilisha. Nilipiga kwenye harusi, hotelini, mazishini. Maswali yangu kwa anayenikodi yalikuwa matatu kabla ya mengine: ukumbi uko ghorofa ya ngapi, lifti ipo, na jua litanipiga? Nusu ya malipo mapema, bila aibu. Mozart mwenyewe, yule kabaila wa filimbi na kinubi alitaka kumpa nusu tu ya fedha za masomo ya binti yake, na kazi aliyomwandikia hakuilipia. Mgongo nao una bei yake. Mpiga kinubi asiyejifunza kuinua kwa magoti hamalizi miaka kumi.

Nilirudi mama alipozeeka. Kinubi kikubwa nilikiuza, si kwa kukosa mapenzi. Kipya cha namna ile huuzwa makumi ya maelfu ya dola, fundi wake hayupo karibu, na hewa ya pwani yetu ingekiua taratibu. Nikaja na kidogo cha nyuzi 34, kisicho na pedali. Juu ya kila uzi kuna kiwenzo. Ukikiinua kwa mkono wa kushoto sauti hupanda nusu toni. Hubebeka na mtu mmoja, huingia kwenye bajaji nikikishika vizuri, na kilihimili barabara ya zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam.

Masika ya kwanza yalinifundisha upya. Huko Ujerumani adui alikuwa ukavu wa baridi, nyumba zikipashwa moto mbao hupasuka. Huku adui ni unyevu. Uzi wa utumbo hunywa maji ya hewani, huvimba, huhangaika, na usiku wa manane hukatika kwa mlio unaoamsha nyumba. Akiba niliyokuja nayo ilipungua haraka, na kuagiza Ulaya ni gharama na kusubiri. Nikaanza kubadili nyuzi za utumbo kwa za nailoni, na hapo ndipo nilipojua nimerudi mahali pazuri. Nailoni ya uzi wa kinubi na nailoni ya mshipi wa kuvulia ni jamaa moja. Nilikwenda kwa wauza zana za uvuvi Mtwara mjini na kipimo changu cha unene, nikapekua mshipi baada ya mshipi, nikavuta, nikasikiliza. Kijana wa duka alidhani nataka kuvua jodari. Nilipomweleza alitoka nje kuwaita wenzake, nao wakaniuliza samaki gani huitwa kwa muziki. Mishipi ile, ya unene unaokaribia milimita moja kushuka chini, imekaa kwenye oktava za juu za kinubi changu mpaka leo. Sauti yake ina ukali kidogo kuliko ya utumbo. Mimi nimeipenda. Haiogopi masika.

Nyuzi nzito za chini bado huagiza, na hizo huzitunza sana.

Kisha nikahitaji fundi wa mbao, kwa kuwa shingo ilikuwa imeanza kupinda. Mafundi wa makabati walikiangalia wakatikisa vichwa. Aliyekielewa ni mchonga vinyago, Mmakonde wa kutoka uwandani Newala aliyehamia huku mjini. Hakujua jina la chombo. Alikigeuza, akapitisha gumba kwenye mshono wa shingo na nguzo, akasema, "Dada, mti huu unavutwa upande na waliouunga wanajua. Nyuzi za mti wameziacha zipite hivi ili zipingane." Alikuwa ameisoma ndani ya muda mfupi sababu ambayo chuoni niliisomea darasani. Akatengeneza kibano, akairudisha shingo polepole kwa siku nyingi, nyuzi zikiwa zimelegezwa, akikaza kidogo kila jioni. Hakuharakisha. Mchonga mpingo hawezi kuwa na haraka, kwa sababu mti ule ukipasuka hakuna kurudi nyuma. Nikatambua mwenzangu. Naye alinitengenezea mpini wa mpingo wa ufunguo wangu, unaokaa mkononi kuliko wa kiwandani.

Majirani walikizoea kinubi kwa njia zao. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, shabiki wa taarabu tangu zama za redio, alikaa kibarazani kwangu baada ya alasiri akasema hiki na kanuni ni ndugu. Ana haki. Kanuni ya taarabu ya Unguja, inayolazwa mapajani na kupigwa kwa vidole vilivyofungwa vipande vya kuvutia nyuzi, ina nyuzi sabini na kitu zilizopangwa tatu tatu, na pembeni mwake kuna vyuma vidogo vya kuinua na kushusha sauti, kazi ileile ya viwenzo vyangu. Pengine vyake vinakwenda mbali kuliko vyangu, maana vinapata sauti zilizo ndogo kuliko nusu toni, zile zinazoutia wimbo wa taarabu uchungu wake. Kinubi changu hakizipati. Nilimwambia hivyo mzee, akafurahi kuliko kama ningemsifia kanuni bila sababu, na siku hizi yeye ndiye anayewaeleza wageni.

Muziki ninaopiga huku umebadilika. Nikipiga vipande vya Ulaya watu husikiliza kwa heshima. Nikipiga nyimbo wanazozijua huimba, na mimi napendelea kuimbiwa. Kazi niliyoikalia kwa muda mrefu ni mapigo ya sindimba. Ngoma hiyo huishi kwenye nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Nafasi ikijaa, imekufa. Kinubi kwa asili yake hujaza nafasi, maana uzi ukishaguswa unaendelea. Basi swali la bibi likawa ndiyo mazoezi yangu ya kila siku: mkono mmoja unapiga, wa pili unalaza, na wa kulaza ndio wenye kazi. Wapiga ngoma wawili huja Jumapili jioni tukapiga pamoja. Mmoja wao alinisimamisha mara nyingi, "Mama, umepitiliza," mpaka siku moja hakusema kitu, akaendelea kupiga.

Kwenye harusi huku kuna faida ambayo Ulaya sikuwa nayo. Umeme ukikatika na spika zote zikanyamaza, kinubi kipo. Nimewahi kumaliza ukumbini kwa taa za simu, bibi harusi akiingia, watu wametulia wenyewe bila kuombwa na mshereheshaji. Hospitalini nako naitwa, wodini, kwa sauti ndogo. Huko sipigi wimbo kamili. Napiga taratibu, nikifuata pumzi za wagonjwa wa karibu, na nikimaliza nafuta nyuzi na dawa ya kuulia vijidudu kabla ya kuhamia wodi nyingine.

Wanafunzi wangu ni wachache, watoto wa Mikindani na wawili kutoka Shangani. Wote wanaanza kwa ufunguo, kama nilivyoanza mimi. Mzazi mmoja alilalamika kwamba binti yake amekuja wiki baada ya wiki na hajui wimbo hata mmoja. Nilimwomba aje aketi. Binti akakaza oktava nzima mbele yake, akiimba solfa chini kwa chini, akikataa mwenyewe sauti ambayo mimi nilikuwa tayari kuikubali. Mama yake hakulalamika tena. Yule binti ndiye atakayefika mbali, na nasema hivyo nikijua kuna mwingine mwenye vidole vyepesi zaidi yake.

Tatizo letu ni vyombo. Kinubi kimoja hakiwezi kulea watoto wote, na cha pili kutoka nje ni ndoto kwa wazazi wanaotegemea korosho. Kwa hiyo mimi na fundi tumeanza kutengeneza. Tumechagua kidogo, cha nyuzi 22. Shingo na nguzo ni za mninga. Nilipoleta mbao laini za bei nafuu aliziweka pembeni akasema zitapinda kabla korosho hazijaanza kuanguka. Ubao wa sauti ni plaiwudi nyembamba, kama wanavyofanya watengenezaji wengi wa vinubi vidogo, kwa sababu haipasuki kwa urahisi. Vizibo vya kushikia nyuzi ubaoni amevichonga kwa mabaki ya mpingo ambayo yangetupwa. Nyuzi zote za juu ni mishipi. Misumari ya kukazia tu ndiyo tumeagiza.

Kwa sasa kimefungwa nyuzi na kimesimama sebuleni kwangu. Nyuzi mpya hunyooka kwa wiki nyingi kabla hazijatulia, kwa hiyo kila jioni watoto wanapokezana kuzikaza, na kila asubuhi zimeshuka tena. Oktava ya chini bado haijanipendeza. Fundi anataka kulipanua sanduku kwa vidole viwili kwenye kitakachofuata, mimi nataka kwanza tubadili unene wa mshipi. Tutajaribu vyote.

Anayetaka kumleta mtoto, masomo ni Jumamosi baada ya alasiri. Kucha zikatwe fupi mikono yote miwili, na kama kuna nguo za kufua, azifue akirudi.